Diski mpya, mfumo mpya: Namna ya kuifufua kompyuta kuukuu ya mezani

KOMPYUTA nyingi za mezani zinazotumika katika maduka ya stesheneri, ofisi ndogo, shule na nyumba za watu jijini Dar es Salaam hazikununuliwa zikiwa mpya. Zilitumika kwanza katika ofisi za Ulaya na kwingineko, zikaondolewa baada ya miaka michache ili kupisha nyingine, kisha zikauzwa kwa jumla na kuingia nchini zikiwa mitumba, kama ziingiavyo nguo na magari.

Zinapofika huwa bado zina nguvu. Lakini miaka inavyosonga, mwenye mashine huanza kuona uzito. Anabonyeza kitufe cha kuwasha, anakwenda kuagiza chai, anarudi na kukuta kile kiduara bado kinazunguka kwenye kioo, huku mteja aliyekuja kuchapisha barua ya maombi ya kazi akitazama saa. Hatimaye huambiwa kwamba kompyuta imechoka, atafute nyingine.

Ushauri huo mara nyingi humtia mtu hasara isiyo ya lazima. Katika mashine ya namna hiyo, kinachochelewesha kazi kwa kawaida ni kifaa kimoja tu, nacho ni diski inayozunguka, ile inayojulikana mitaani kama hadi diski. Ikiondolewa, mahali pake pakawekwa diski ya SSD isiyo na kitu chochote kinachozunguka, na mfumo endeshi ukawekwa upya, mashine ile ile huamka kwa sekunde chache badala ya dakika kadhaa.

Hata hivyo, kazi hiyo ina upande wake wa hatari, ambao hausemwi sana kwenye kaunta za mafundi. Kuweka mfumo upya maana yake ni kuanza na diski tupu. Hesabu za duka, orodha ya wadeni, picha za harusi na tasnifu ya mwanafunzi havihami vyenyewe. Anayeharakia kasi bila kujipanga anaweza kupata kompyuta nyepesi kama unyoya, na ndani yake asikute kitu.

Chanzo cha uzito

Hadi diski ni sahani za chuma au kioo zilizopakwa utando wa sumaku. Mkono mwembamba hupita juu yake ukisoma na kuandika, mfano wa sindano ya santuri, isipokuwa kwamba mkono huu haugusi sahani. Fikra yenyewe ni ya zamani: kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa diski ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1956, ikiwa na sahani 50 zenye kipenyo cha inchi 24 kila moja, na uwezo wake wote usingetosha picha moja kubwa ya simu ya leo.

Diski za kompyuta za mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Kasi hiyo ni kubwa kwa jicho la binadamu, lakini kwa kompyuta ni ya kobe. Mkono ukitaka kusoma kipande cha taarifa, hauna budi kwanza kusogea hadi kwenye mstari husika, kisha kusubiri sahani izunguke hadi kipande hicho kipite chini yake. Kusogea huchukua takriban elfu nane au tisa za sekunde. Kusubiri huchukua wastani wa elfu nne nyingine. Kwa hesabu hiyo, diski nzima haiwezi kutimiza zaidi ya maombi 80 hivi kwa sekunde moja yanapokuwa yametawanyika.

Na yametawanyika kweli. Windows inapowaka husoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotapakaa kila pembe ya diski. Hali hiyo ni sawa na masijala ya ofisi ya zamani yenye karani mmoja: kila ofisa anatuma ombi la jalada lake, na karani hutembea hadi kabati la mwisho, akarudi, akatumwa tena kabati la kwanza. Ofisa mwenye akili kuliko wote hawezi kufanya kazi kabla jalada halijafika mezani. Prosesa ndiye ofisa huyo. Ndiyo maana kompyuta inaweza kuwa na prosesa nzuri na bado ikakwama.

SSD haina sahani wala mkono. Taarifa hukaa katika chipu za kumbukumbu za jamii ile ile inayotumika katika flashi na simu, teknolojia iliyobuniwa katika miaka ya 1980 na Mjapani Fujio Masuoka alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Toshiba. Kipande chochote hufikiwa kwa takriban sehemu moja ya kumi ya elfu moja ya sekunde, popote kilipo. Badala ya maombi 80 kwa sekunde, diski ya kawaida ya SSD hutimiza makumi ya maelfu.

Wauzaji hupenda kutangaza takwimu nyingine, ya megabaiti 550 kwa sekunde dhidi ya 100 hadi 200 za hadi diski. Takwimu hiyo ni ya kweli, lakini inahusu kunakili faili moja kubwa, kama filamu. Nafuu anayoihisi mtumiaji wa kila siku hutokana zaidi na kukoma kwa safari za yule karani.

Mashine zinazofaa

Mfano mzuri ni Dell OptiPlex 7010 iliyotoka mwaka 2012. Prosesa yake ya Intel Core ya kizazi cha tatu bado inamudu kuandika barua, kufanya hesabu na kuvinjari intaneti. Ubao wake mkuu wa saketi, ambao mafundi huuita mazabodi, una matundu ya SATA, ambayo hupokea hadi diski na SSD ya inchi 2.5 bila ubaguzi. Kebo ni zile zile.

Anayetafuta draiva za mashine hiyo awe macho, kwani mwaka 2023 kampuni hiyo ililirudia jina la OptiPlex 7010 kwa kompyuta mpya kabisa. Draiva za moja hazifai kwa nyingine.

Hata kompyuta ya nyuma zaidi, yenye SATA ya kupitisha gigabiti 3 kwa sekunde badala ya 6, hufaidika kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa tatizo halikuwa upana wa njia. Zisizofaa ni zile za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zenye kebo bapa na pana za IDE.

Jambo jingine ni RAM. Mwenye gigabaiti 4 ataiona tofauti ya SSD mara moja, lakini akifungua kurasa kumi za intaneti pamoja na jedwali la hesabu, mashine itaishiwa nafasi na kuanza kuitumia diski kama RAM ya akiba. Gigabaiti 8 ndicho kiwango cha kuridhisha. Kama fedha zinatosha kimoja tu, inafaa kuanza na diski.

Windows 10 imeondokewa

Zamani swali la mfumo upi uwekwe lilikuwa jepesi. Sasa halikwepeki, kwa sababu Microsoft ilikomesha masasisho ya bure ya usalama ya Windows 10 Oktoba 14, 2025. Watumiaji binafsi walipewa mpango wa nyongeza kwa wanaojiandikisha, nao mwisho wake ulipangwa kuwa Oktoba 13, 2026. Kompyuta yenye mfumo usiopata masasisho haizimiki. Inaendelea kufanya kazi kama kawaida, na hapo ndipo ulipo mtego, maana kila tundu la usalama linalogunduliwa baadaye hubaki wazi kwa wezi wa nywila na virusi.

Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, ina masharti. Inadai chipu ya usalama ya TPM toleo la 2.0 na, kwa prosesa za Intel Core, kwa kawaida kizazi cha nane au zaidi. Kizazi husomeka katika jina la prosesa: i5-3470 ni kizazi cha tatu, i5-8500 ni cha nane. Kwa hiyo OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 haikidhi, ilhali kompyuta nyingi za ofisi zilizotengenezwa kuanzia 2018 zinakidhi.

Zipo njia za kuyakwepa masharti hayo, na mafundi wengi wanazijua. Microsoft yenyewe imesema kuwa mashine zisizokidhi hazina uhakika wa kupata masasisho. Kwa kompyuta ya watoto kucheza michezo huenda hilo likavumilika. Kwa kompyuta inayofungua akaunti ya benki ya biashara, ni kamari.

Njia nyingine ni Linux, ambayo ni ya bure na halali. Ubuntu toleo la 24.04, lililotoka Aprili 2024, limeahidiwa masasisho ya kawaida hadi mwaka 2029, na Linux Mint iliyojengwa juu yake humfaa aliyezoea sura ya Windows. Jina Ubuntu si geni kwa sikio la Mswahili: limetoka katika lugha za Kibantu za kusini mwa Afrika na ni ndugu wa neno "utu". Mradi huo ulianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Linux ya aina hiyo huja na programu ya LibreOffice, ambayo hufungua nyaraka za Word na Excel, ingawa mpangilio wa kurasa unaweza kuvurugika kidogo. Kikwazo kikubwa ni kwa wanaotegemea programu za uhasibu zilizotengenezwa kwa ajili ya Windows, kama Tally. Hao wasihame kabla ya kuhakikisha kwamba programu yao ina njia ya kufanya kazi huko.

Kwa lugha ya mitaani, kuweka mfumo upya huitwa "kupiga Windows". Mara nyingi fundi huwa na flashi moja anayoitumia kwa wateja wote, ikiwa na kiprogramu cha kuvunja leseni. Viprogramu hivyo huomba ruhusa zote za mfumo na kumtaka mtumiaji azime kinga ya virusi. Si ajabu kwamba ni njia inayopendwa ya kusambazia programu za wizi. Wakati mwingine uvunjaji huo hauna hata sababu: kompyuta zilizouzwa na Windows 8 au zaidi kwa kawaida hubeba ufunguo wa leseni ndani ya mazabodi, na iliyowahi kuwa na Windows 10 halali hutambuliwa na Microsoft kwa maunzi yake. Kubadili diski hakufuti leseni hiyo.

Kununua bila kulaghaiwa

Kwa kazi za ofisi, SSD ya gigabaiti 240 au 256 inatosha. Anayehifadhi picha na video afikirie 480 au 500. Bei hazisemeki kwa uhakika, kwa kuwa chipu za kumbukumbu zilipanda bei mwishoni mwa 2025 kutokana na mahitaji ya vituo vya data vya akili mnemba. Anayekwenda dukani na kumbukumbu ya bei ya mwaka juzi anaweza kushtuka.

Kwa kompyuta kama OptiPlex 7010, aina ya kuomba ni SATA ya inchi 2.5. Mashine mpya zaidi zina tundu la M.2, na hapo ndipo wengi hukosea. Vijiti vya M.2 viko vya aina mbili, SATA na NVMe, vinavyofanana mno kwa macho, na si kila tundu hupokea vyote viwili. Kitabu cha mashine au tovuti ya mtengenezaji hueleza.

Bidhaa bandia zipo. Maarufu zaidi ni ile diski ya nje inayoandikwa terabaiti 2 au zaidi na kuuzwa kwa bei ya kutupa, ambayo ikifunguliwa hukutwa na kadi ndogo ya kumbukumbu iliyofundishwa kudanganya ukubwa wake. Mafaili huonekana yamenakiliwa salama, kumbe yaliyopita uwezo halisi yanaandikwa juu ya mengine na kupotea. Dawa yake ni kuijaza diski yote kwa majaribio kabla ya kuiamini. Programu ya H2testw, inayotolewa bure na jarida la kompyuta la c't la Ujerumani, hufanya kazi hiyo: huandika hadi diski ijae, kisha husoma na kulinganisha. Huchukua saa kadhaa, na inafaa zifanyike wakati risiti bado iko mfukoni.

Kuokoa kilichomo

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko hatua nyingine zote. Kazi ya bisibisi ni ya dakika 20. Kazi ya kuokoa mafaili yaweza kuchukua siku nzima.

Yanayojulikana huwa hayasahauliki: nyaraka, picha, vilivyotapakaa kwenye uso wa kioo. Yanayopotea ni yale ambayo mwenyewe hakujua yanakaa wapi. Programu za uhasibu huweka vitabu vyao katika folda zao wenyewe, mara nyingi nje ya folda ya nyaraka. Kwa hizo, njia ya kuaminika ni kutumia amri ya nakala ya akiba iliyomo ndani ya programu yenyewe, si kunakili folda kwa kukisia. Wanaotumia Outlook ya zamani wana barua zao zote katika faili moja lenye kiambishi cha PST. Draiva na programu ya printa, leseni ya programu ya kupanga kurasa, fonti zilizoongezwa na alama za kurasa za intaneti ni vitu ambavyo hukumbukwa pale vinapohitajika.

Kisha kuna yaliyomo kichwani, au yanayodhaniwa kuwemo. Kivinjari kimekuwa kikijaza nywila zenyewe kwa miaka mitano, na mwenye akaunti hazikumbuki tena. Kabla ya kuzima mashine kwa mara ya mwisho, inafaa afungue orodha ya nywila za kivinjari na kuiona. Ahakikishe pia kwamba namba ya simu inayopokea namba za uthibitisho za barua pepe yake bado ni yake. Laini iliyosajiliwa na mfanyakazi aliyeacha kazi imewafungia wengi nje ya akaunti zao.

Kama diski imefungwa kwa BitLocker, ufunguo wake wa kuokolea wenye tarakimu 48 uandikwe mahali. Bila huo, diski ya zamani ikihamishiwa kwenye mashine nyingine itakuwa kama sanduku la chuma lisilo na kufuli la kufungulia.

Nakala iwekwe kwenye diski ya nje au kompyuta nyingine, halafu mafaili machache kutoka kila folda yafunguliwe kutoka huko, si kuangaliwa majina tu. Kama hadi diski imeanza kutoa mlio wa kugonga, nakala ya yaliyo muhimu zaidi itangulie, tena mara moja, kwani diski ya namna hiyo haitabiriki itawaka mara ngapi zaidi.

Faraja kubwa ya kubadili diski, tofauti na kuweka mfumo upya juu ya diski ile ile, ni kwamba diski ya zamani hutoka na kila kilichomo. Hiyo tayari ni nakala ya pili. Kwa sababu hiyo haifai kuachwa kwa fundi kama sehemu ya malipo, wala kufutwa siku hiyo hiyo ili itumike kwa kazi nyingine.

Wapo wanaopendekeza njia ya mkato ya kunakili diski nzima jinsi ilivyo kwenda kwenye SSD. Njia hiyo hufaa pale mfumo ulipo ni mzima na una programu ngumu kupatikana tena. Lakini kwa mashine iliyopita mikononi mwa watu wengi, hunakili pia virusi, mabaki ya programu na makosa ya miaka kumi.

Siku ya kazi

Flashi ya kuweka Windows huandaliwa kwenye kompyuta nyingine kwa programu inayopatikana bure katika tovuti ya Microsoft. Flashi iwe ya angalau gigabaiti 8, na kila kilichomo hufutwa. Draiva ya mtandao ya mashine husika ipakuliwe mapema na kuwekwa kwenye flashi nyingine, kwa sababu baadhi ya kompyuta huamka zikiwa hazijui kadi yao ya mtandao, na bila mtandao hakuna pa kupakulia draiva hiyo.

Kabla ya kufungua kasha, mashine iwashwe mara moja zaidi ili kuingia katika mipangilio ya ndani. Kwa Dell ni kitufe cha F2. Kompyuta nyingi za OptiPlex huja zikiwa zimepangwa katika hali ya RAID, ambayo haina maana kwa mwenye diski moja. Ibadilishwe kuwa AHCI sasa. Ikibadilishwa baada ya Windows kuwekwa, mfumo unaweza kukataa kuwaka.

Baada ya hapo waya wa umeme uchomolewe, kitufe cha kuwasha kibonyezwe kwa sekunde chache ili kumaliza umeme uliobaki, na mikono iguse chuma cha kasha kuondoa umeme tuli. Hadi diski huchomolewa kebo mbili, moja ya taarifa na moja ya umeme, na SSD huchomekwa pale pale. Kwa kuwa ni ndogo kuliko nafasi ya inchi 3.5, huhitaji kishikio cha bei ndogo. Kikikosekana, skrubu mbili za upande mmoja zinatosha, kwa vile hakuna kinachotikisika ndani yake.

Diski ya zamani ibaki imechomolewa hadi kazi yote iishe. Sharti hili hupuuzwa mno, na madhara yake ni mawili. La kwanza liko wazi: wakati wa kuchagua diski ya kuweka mfumo, majina kwenye kioo hufanana, na kidole kikiteleza hufutwa isiyo yake. La pili hujificha. Programu ya kuweka Windows ikikuta diski ya zamani bado imechomekwa, inaweza kuandika mfumo kwenye SSD na kuacha sehemu ya kuwashia kwenye diski ya zamani. Kila kitu huonekana kizuri kwa miezi, mpaka siku diski ya zamani inapokufa au kuondolewa, na kompyuta yenye SSD nzima inakataa kuwaka. Fundi asiyejua historia hiyo huilaumu SSD.

Flashi ikishachomekwa, mashine huwashwa huku kitufe cha F12 kikibonyezwa kwa Dell, au F9 kwa HP nyingi, ili kupata orodha ya pa kuanzia. Flashi hiyo hiyo inaweza kuonekana mara mbili. Mstari wenye neno UEFI ndio wa kuchaguliwa. Ukiombwa ufunguo wa leseni, lipo chaguo la kusema huna, mradi toleo linalochaguliwa, Home au Pro, liwe lile lile lililokuwapo. Mahali pa kuchagua diski patakuwa na mstari mmoja tu wa nafasi tupu. Mashine itakapojizima na kuwaka tena flashi iondolewe, la sivyo inaweza kuanza upya kutoka mwanzo.

Windows 11 hudai intaneti na akaunti ya Microsoft wakati wa kuanza. Aidha, kuanzia toleo la 24H2 la mwaka 2024, mfumo uliowekwa upya na kuingiwa kwa akaunti hiyo huweza kuifunga diski kwa siri wenyewe. Ufunguo wake wa kuokolea huhifadhiwa ndani ya akaunti. Kwa maana hiyo, akaunti iliyofunguliwa kwa barua pepe ya fundi humfanya fundi kuwa mwenye ufunguo wa diski ya mteja.

Maisha ya diski mpya

Chipu za SSD huchakaa kwa kuandikwa, na jambo hilo limewatia watu hofu kuliko linavyostahili. Diski ambayo mtengenezaji ameithibitisha kwa terabaiti 80, ikiandikwa gigabaiti 20 kila siku, huchukua takriban miaka 11 kufikia kikomo hicho. Kompyuta nyingi za ofisi haziandiki hata nusu ya hapo. Programu za kupanga upya vipande vya diski, zilizokuwa zikisaidia hadi diski, hazina kazi hapa. Windows hujua kwamba imewekewa SSD na huitunza kwa njia yake.

Cha kuogopa zaidi ni namna inavyokufa. Hadi diski mara nyingi hutangulia kulia na kusuasua. SSD huweza kuwa nzima jioni na asubuhi isionekane kabisa, na kurejesha mafaili kutoka ndani yake ni kazi ngumu na ya gharama kubwa, mara nyingine isiyowezekana. Kukatika kwa umeme katikati ya kuandika nako si rafiki yake, kwa hiyo kifaa cha UPS ni cha lazima kwa biashara. Nakala ya kila wiki ya vitabu vya hesabu, inayotolewa nje ya mashine na kuwekwa mbali nayo, inahitajika kuliko ilivyokuwa mwanzo.

Hadi diski iliyotolewa ibandikwe karatasi yenye tarehe na kuwekwa kabatini kwa miezi miwili au mitatu, hadi msimu wa hesabu upite na kila kilichosahauliwa kiwe kimekumbukwa. Ikiwa bado nzima, inaweza kufutwa na kurudishwa kuwa ghala la picha na nakala. Lakini ikiuzwa au kutupwa, ikumbukwe kwamba kufuta mafaili kwa kawaida, au kuandaa diski kwa haraka, huondoa orodha tu na kuyaacha yaliyomo. Mwenye programu ya kurejesha, ambayo hupatikana bure, huyasoma. Kwa mwenye kliniki, shule au ofisi ya wakili, ndani yake mna taarifa za watu wengine, na Tanzania imekuwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ilitunga yake mwaka 2019.

Ndani ya Windows, kuandaa hadi diski kwa njia kamili, pasipo kuweka alama kwenye chaguo la haraka, huandika sifuri diski nzima. Kwa diski ya gigabaiti 500 kazi hiyo huchukua saa kadhaa. Kwa iliyokufa isiyoweza kuandikwa tena, hutobolewa kwa drili mahali pawili au patatu kupita kwenye sahani, mtobozi akiwa amevaa miwani ya kukinga macho, kwa kuwa baadhi ya sahani hizo ni za kioo.